Baridi Yabisi na Neno "Mshipa"

Wewe unayejifunza Kiswahili, fungua kamusi yako ulitafute neno "yabisi". Utakuta kwamba lina asili ya Kiarabu na kwamba maana yake ni kavu na gumu, kitu kisicho na unyevu. Udongo wa kiangazi ni yabisi. Katika somo la sayansi jiwe na chuma huitwa yabisi, ilhali maji huitwa kiowevu. Sasa liunganishe na "baridi" upate "baridi yabisi", jina la ugonjwa unaovimbisha viungo na kuvikakamaza. Jina hilo limebeba kumbukumbu ya utabibu wa kale, ule wa Wayunani uliopokewa na Waarabu, uliofundisha kwamba mwili una tabia nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Aliyezidiwa na baridi pamoja na ukavu, viungo vyake viliaminika kukauka kama ngozi iliyoanikwa.

Kama mwalimu wa lugha nalipenda jina hili. Kama mpwa wa mgonjwa nina kesi nalo, kwa sababu linataja chanzo ambacho si chanzo. Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa, ile ambayo madaktari huiita athraitisi ya rumatoidi, hailetwi na baridi. Huletwa na kinga ya mwili iliyopotoka, ikaushambulia utando laini unaozunguka viungo badala ya kuulinda. Wanawake huipata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Hupenda viungo vidogo vya mikono, vya kulia na vya kushoto kwa pamoja, na ishara yake kubwa ni vidole kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi kabla havijakubali kukunjika.

Shangazi yangu aliishi na mambo hayo kwa miaka kumi na mmoja huku akivaa sweta mbili. Aliambiwa ni baridi, akaikimbia baridi. Aliacha kufua kwa maji ya alfajiri, akaacha kulala sakafuni wakati wa matanga, akanunua soksi za sufu katika mji ambao jua la adhuhuri hukaanga mabati. Vidole viliendelea kupinda.

Sharti nikueleze yeye ni nani, maana lugha anazozizungumza ni sehemu ya ugonjwa wake. Alizaliwa Samia, upande wa Kenya, akaolewa kwa Wapadhola wa Tororo, upande wa Uganda. Ana Kisamia cha nyumbani, Kidhopadhola cha ndoa, Kiganda cha kubahatisha na Kiswahili cha sokoni. Kiingereza hana, isipokuwa salamu na hesabu. Kazi yake ni kuuza dagaa. Wewe umelisoma neno "dagaa" vitabuni. Huku kwetu Busia, upande wa Kenya, samaki huyo huitwa omena, na ukivuka upande wa pili huitwa mukene. Gunia ni lile lile. Shangazi hulibadilisha jina akiwa katikati ya daraja la forodha, bila kufikiri, kama mtu anayehamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, pamoja na Kisumu, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaihamishia kwenye himaya yao jirani, ambayo baadaye ikawa Kenya. Koo zilibaki pale zilipokuwa. Ndiyo maana mtu wa Busia anaweza kuwa na shangazi ng'ambo, na ndiyo maana neno "bodaboda", ambalo leo limeenea Afrika Mashariki yote, lilizaliwa katika mpaka huu: vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi cha pili, wakiita "boda, boda!" Tangu mwaka 2018 vituo hivyo vya Busia vinafanya kazi kwa pamoja, na msafiri hugongewa mihuri yote mahali pamoja. Dawa na vyeti vya hospitali havina kituo cha namna hiyo.

Turudi kwa vidole. Katika miaka hiyo shangazi alijitibu kwa vidonge vya dukani, vya maumivu kwanza, kisha prednisoloni, ambayo kwa kawaida haistahili kutolewa bila cheti cha daktari lakini huuzwa kwa hesabu ya vidonge kumi kumi. Prednisoloni ilimsaidia, nisingependa ufikiri kwamba alikuwa mjinga. Alikimeza usiku, asubuhi akaweza kufunga gunia. Uso wake ulijaa, majirani wakasema amenawiri. Kujaa huko kwa uso ni athari ya dawa yenyewe ikitumika kwa muda mrefu, lakini nani angemwambia? Mwanzoni mwa 2019 hata maumivu ya viungo yalipungua. Vidole vilikuwa vimepinda na kutulia hivyo hivyo vilivyopinda, na kwenye viwiko palikuwa na vinundu vigumu visivyouma. Alisema amepona.

Asubuhi moja akateremka kitandani, na mguu wa kulia haukumtii. Aliinua goti, lakini wayo ulibaki ukining'inia, vidole vikiburura sakafu.

Hapa nataka utazame sarufi kidogo. Waswahili hawasemi kwamba mtu ana maumivu mguuni. Husema "mguu unaniuma", na kitenzi ni kile kile cha mbwa anayeuma. Kiungo ndicho kitendi, mwenye mwili ndiye anayetendwa. Shangazi aliponipigia simu alisema, "Mwanangu, mguu hauniumi tena. Umekufa ganzi." Nahau hiyo, "kufa ganzi", utaisikia kila mahali, hata kwa mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu msikitini au kanisani. Kwa kawaida ni kutia chumvi. Kwa shangazi ilikuwa kweli kwa kila herufi: mshipa wa fahamu wa mguu wake ulikuwa umekufa kwa kukosa damu. Wiki mbili baadaye mkono wa kushoto nao ukalegea kwenye kifundo. Kisha juu ya kifundo cha mguu kikatokea kidonda, kikawa viwili, vikaungana, kingo zake zikawa nyeusi. Watu wakaanza kutaja "donda ndugu", jina la kidonda kinachokula nyama na kutopona.

Kuna methali unayoijua: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni methali ya kweli, lakini haikumhusu. Shangazi hakuficha lolote. Alikwenda kila alikoelekezwa, akaonyesha mguu wake kwa kila aliyetaka kuuona, na kila aliyeuona alikuwa na jina tayari.

Jina la kwanza lilikuwa malaria, kwa sababu alikuwa na homa na mwili umekonda. Sikulaumu sana. Tororo ni wilaya iliyojulikana miaka mingi kwa wingi wa malaria hata watafiti wakahamia hapo, na upuliziaji wa dawa ya mbu ndani ya nyumba ulipoanzishwa mwishoni mwa 2014 ulikuwa jambo kubwa. Mtu mwenye homa Tororo hutibiwa malaria kama vile mtu mwenye mwavuli anavyodhaniwa kuogopa mvua. Jina la pili lilikuwa kisukari. Damu ikapimwa, sukari haikuwepo. La tatu, lililosemwa kwa sauti ya chini, lilikuwa ukimwi, akapimwa, hana. La nne lilikuwa kwamba amekanyaga kitu alichotegewa njiani na mwenzake wa sokoni. Hilo halina kipimo, na liliharibu urafiki wa miaka ishirini.

La tano lilikuwa ukoma.

Ukitoka mjini Busia kwa barabara ya kwenda Malaba, baada ya kilomita chache utafika Alupe. Leo pana chuo kikuu kilichopewa hati mwaka 2022, na wanafunzi wake huenda hawajui kwamba kwa wazee wetu jina hilo lilikuwa la kunong'onwa. Tangu enzi za ukoloni Alupe palikuwa na hospitali ya ukoma, na baadaye taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikaweka hapo kituo cha utafiti wa ukoma na magonjwa ya ngozi. Wagonjwa walifika kutoka pande zote. Wengine walipona wakabaki, kwa kuwa kwao hawakupokewa. (Zingatia: nimeandika "wagonjwa wa ukoma". Neno "mkoma" limo kamusini, lakini humfanya mtu awe ugonjwa wake. Liache.) Bibi yangu, mama yake shangazi, alikuwa na dada aliyepelekwa Alupe, na hadithi yake ilisimuliwa kwetu kwa kifupi sana.

Kwa hiyo mwanamke mwenye vidole vilivyopinda, mguu uliokufa ganzi na kidonda kisichopona alipotokea katika ukoo ule ule, hakuna aliyehitaji daktari. Kikombe chake kilitengwa. Binamu yangu, mwanawe wa pili, alikuwa amechumbiwa. Upande wa pili wakaomba muda wa kutafakari.

Tena usidhani kufanana huko ni ujinga wa kijijini. Ukoma hushambulia mishipa ya fahamu kama ulivyofanya ugonjwa wa shangazi, na kipimo cha damu kinachotumika kuthibitisha baridi yabisi wakati mwingine huonyesha ndiyo kwa mgonjwa wa ukoma, hata kwa wa kifua kikuu. Daktari mzoefu anaweza kusita. Tofauti iko katika mwendo. Ukoma hutembea polepole, kwa miezi na miaka, na huacha mabaka ya ngozi yasiyohisi mguso. Ugonjwa wa shangazi uliua mshipa wa fahamu kwa siku chache, kama mtu anayezima taa.

Aliyeona tofauti hiyo alikuwa tabibu kijana, afisa wa kliniki katika zahanati ndogo upande wa Kenya. Hakuanza na kidonda. Alimshika shangazi mikono, akavipapasa vile vinundu vya viwiko, akauliza, "Mama, vidole hivi vilianza kupinda mwaka gani?" Ni swali la kawaida kabisa, na katika miezi minne hakuna aliyekuwa ameliuliza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameanza na mguu. Kisha akatazama kucha. Kando ya kucha tatu palikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama kichwa cha sindano. Akaandika barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa viungo, safari ya saa nyingi kwa basi. Madaktari wa aina hiyo ni wachache mno Kenya na Uganda, na karibu wote wako katika miji mikubwa. Ugonjwa huu huitwa adimu. Naamini ni adimu kweli, lakini kwetu aliye adimu zaidi ni mtu wa kuutambua.

Nami nikaenda naye, kwa sababu daktari angezungumza Kiingereza na Kiswahili cha Nairobi, na shangazi alitaka mtu wa damu yake.

Ugonjwa ulikuwa vaskulaitisi ya rumatoidi. Hutokea kwa wagonjwa wachache wa baridi yabisi, hasa walioishi nayo miaka kumi au zaidi bila tiba ya kutosha, na mara nyingi huja wakati viungo vimeonekana kutulia. Kinga ile iliyopotoka huacha viungo na kugeukia kuta za mishipa ya damu midogo na ya wastani. Kuta huvimba, njia huziba, na kilichokuwa kikilishwa na mshipa ule hufa: ngozi, kidole, mshipa wa fahamu, wakati mwingine jicho au moyo. Katika nchi ambako wagonjwa wa baridi yabisi hupewa dawa madhubuti mapema, vaskulaitisi hii imepungua sana tangu miaka ya 1990. Jambo hilo nililisikia kwa uchungu. Dawa kuu ya kuizuia baridi yabisi, methotreksati, ni ya zamani, si ghali kama zile mpya, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shangazi alikuwa hajawahi kuisikia.

Kabla daktari hajafika, muuguzi alimweleza kwa ufupi: "Mama, una ugonjwa wa mishipa." Shangazi akanitazama, kisha akasema kwa heshima, "Mwanangu, waambie wamekosea faili. Mshipa ni ugonjwa wa wanaume."

Msomaji, rudi kwenye kamusi yako. "Mshipa" ni njia ya damu. Ni pia mshipa wa fahamu, ule unaopeleka hisia. Kwa watu wengi ni pia ukano unaoshika nyama kwenye mfupa, na ndiyo maana mtu aliyeteguka husema mshipa umevutika. Tena "mshipa", likitajwa peke yake kama jina la ugonjwa, ni ngiri au busha, maradhi ya sehemu za siri za kiume. Maana nne katika neno moja la ngeli ya M-MI! Na ugonjwa wa shangazi, kwa bahati mbaya, ulihusu mbili za kwanza kwa wakati mmoja: mishipa ya damu ilikuwa imeziba, na kwa sababu hiyo mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa. Jaribu kuieleza sentensi hiyo kwa kutumia "mshipa" tupu uone utakavyozungukazunguka.

Neno la pili, "uvimbe", halikuwa na nafuu. Daktari alipofika alisema "uvimbe wa mishipa ya damu", na shangazi akauliza uvimbe uko wapi, kwa nini haonyeshwi, na kama utakatwa. Kwake uvimbe ni kitu kinachoshikika. Ndipo daktari akachukua kalamu, akachora duara, ndani yake duara jingine, akalijaza wino pole pole mpaka nafasi ya katikati ikabaki tundu. Shangazi alilitazama lile tundu kwa muda. Akasema: "Hii ni ile njia ya sokoni. Wenye maduka wanasogeza magunia nje kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, mpaka mpagazi hapiti. Aliye ndani anakosa wateja, anafunga." Tangu siku hiyo tumekuwa tukisema "njia za damu", na sijapata neno linalomfaa zaidi. Ningewashauri watunzi wa istilahi wakae siku moja sokoni Busia kabla ya kikao chao.

Usifikiri kwamba Kiswahili hakiwezi. Tazama "ukimwi": neno lililoundwa kutokana na "upungufu wa kinga mwilini", likaenea mpaka likawa la watoto. Liliundwa kwa sababu serikali na wananchi walilihitaji. Lakini limeacha kivuli. Daktari alipoeleza kwamba dawa zingeshusha kinga ya mwili ili iache kujishambulia, shangazi alisikia kitu kimoja tu: wanataka kunipa ukimwi. Kwa miaka thelathini tulimfundisha kwamba kinga ni kitu cha kulindwa, na kwamba ikishuka mtu hufa. Ilibidi tuanze upya: kinga inaweza kupungua, na inaweza pia kupotoka, na iliyopotoka hutulizwa.

Alikatwa kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi. Akapimwa upya virusi vya ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, kwa sababu kutuliza kinga ya mtu mwenye maambukizi yaliyojificha ni hatari. Kisha akaanza prednisoloni kwa kipimo kikubwa, safari hii kwa usimamizi, pamoja na saiklofosfamidi kwa njia ya mshipa mara moja kwa mwezi. Kuna dawa nyingine mpya zaidi, rituksimabu, ambayo bei yake ilitajwa na hatukuirudia. Familia iliuza ng'ombe wawili. Kidonda kilianza kufunga kuanzia kingoni.

Baada ya miezi alihamishiwa methotreksati, na hapo lugha ikawa suala la uhai. Dawa hii kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku anaweza kufa, na vifo vya namna hiyo vimetokea katika nchi zenye hospitali bora kuliko zetu. Lebo ilikuwa kwa Kiingereza. Tuliikatia kipande cha karatasi, tukaandika kwa Kiswahili: "Jumapili tu. Vidonge sita kwa pamoja. Siku nyingine yoyote, hapana." Jumatatu humeza asidi ya foliki, ya kupunguza madhara. Na saa? Wewe umekwisha kujifunza kwamba saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hata saa mbili asubuhi huandikwa 8:00. Pakiti ikiandikwa "8", mtu wa kwetu anaweza kusoma saa nane, yaani adhuhuri imepita. Kwa methotreksati saa haina neno sana. Kwa dawa nyingine ina neno, na sijawahi kuona duka la dawa mpakani likiuliza mteja anahesabu saa ya nani.

Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona. Malori yalipita, watu hawakupita. Shangazi alikuwa Tororo, daktari wake Kenya. Kisha Uganda ikasimamisha magari ya abiria na ya binafsi, na mgonjwa aliyetaka kusafiri kwenda hospitali alihitaji kibali kutoka ofisi ya mwakilishi wa rais wilayani. Binamu yangu alimsukuma mama yake kwa baiskeli mpaka ofisini. Aliulizwa ni ugonjwa gani usioweza kusubiri. Akatoa karatasi. Daktari alikuwa ameandika, kwa ombi la shangazi mwenyewe, jina kamili la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, na sentensi moja kwamba dawa zikikatika ghafla maisha yake yamo hatarini. Kibali kilitolewa siku ile ile, na daktari wa Uganda aliyemwona aliisoma karatasi hiyo na kuendelea pale mwenzake alipoishia, bila kuanza na malaria. Mwaka huo huo, ulimwenguni kote, wagonjwa wengi wa baridi yabisi walikosa hidroksiklorokwini kwa sababu watu waliinunua kwa wingi wakidhani inatibu korona. Shangazi hakuwa akiitumia. Katika hilo alikuwa na bahati.

Karatasi ile si hisani. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, humtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba afanye hivyo katika lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nchini Uganda, Mkataba wa Wagonjwa wa mwaka 2009 nao unatambua haki ya mgonjwa kupewa taarifa za afya yake; na Kiswahili, kilichotajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, kiliidhinishwa na baraza la mawaziri kuwa rasmi Julai 2022. Katika wodi za Tororo bado utasikia Kiingereza na lugha za nyumbani zaidi, na wapo wazee wanaokikwepa Kiswahili kwa kuwa walikisikia kwanza kinywani mwa wanajeshi. Siwalaumu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Uganda ilifuta ada katika hospitali za umma mwaka 2001, lakini kutotozwa ada ya dawa ambayo haipo rafuni hakukuokoi na duka la mtaa wa pili. Muswada wa bima ya afya ulipitishwa na bunge la Uganda Machi 2021, haukuwa sheria. Kenya ilianza mfuko mpya wa bima tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya ule wa NHIF. Shangazi, anayeishi ng'ambo, hayumo. Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, lilifikiria bidhaa, mitaji na wafanyakazi. Gunia la dagaa lina cheti cha kuvukia. Mwenye gunia analipa dawa taslimu, pande zote mbili.

Mguu wake haujarudi sawasawa. Anavaa kiatu chenye kishikizo cha plastiki kinachoinua wayo, na mkono wa kushoto unashika kikombe ingawa haushiki sindano. Vidole vilivyopinda havitanyooka. Uchumba wa binamu yangu ulivunjika, ameolewa kwingine. Yule mwenzake wa sokoni alikuja nyumbani Desemba iliyopita na sukari kilo mbili, wakakaa mpaka jioni, na sikuambiwa walichozungumza.

Daktari sasa humwona kila baada ya miezi mitatu. Damu hupimwa kwanza, ini na chembe nyeupe, kwa sababu ya methotreksati. Majibu huja kwa Kiingereza, nami humsomea kwa simu. Mara ya mwisho aliniuliza kama njia ziko wazi. Nikamjibu kwamba kwa karatasi hii ziko wazi. Akaniomba niirudie namba ya chembe nyeupe polepole, aiandike, kwa kuwa kuna mwanamke wa Malaba mwenye vidole kama vyake ambaye amemwahidi kumpeleka kwa yule tabibu kijana, na anataka afike huko akiwa na kitu cha kulinganishia.